Utumwa Mamboleo na Istilahi Zake: Mfano wa Kampuni Ndogo ya Kuhamisha Mizigo huko Didia

1. Utangulizi

Istilahi hutungwa ili jambo lijulikane kwa jina lake. Jambo lisilo na jina ni vigumu kulikataza. Jambo lenye jina la kupotosha ni vigumu zaidi, kwa kuwa kila mtu hudhani amekwisha kulifahamu. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi chache zihusuzo kile kiitwacho siku hizi "utumwa mamboleo", na kueleza jinsi zinavyoweza kumwongoza au kumpotosha mwananchi mwenye kampuni ndogo, wafanyakazi wachache, na watu kadha wa kadha wanaomuuzia vifaa na huduma.

Sababu za kufanya uchunguzi huu ni mbili. Kwanza, mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania. Tangu hapo neno la Kiswahili likikosewa, huenda likamkosesha mtu haki yake. Pili, jambo lenyewe ni kubwa. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni walikuwa katika hali ya utumwa mamboleo, na kati yao milioni 28 hivi walikuwa katika kazi ya shuruti. Hao hawako mashambani na viwandani mwa nchi za mbali tu. Wamo pia katika biashara ndogo ndogo, nyuma ya ua, juu ya malori na jikoni mwa watu.

2. Mfano wetu

Didia ni mji mdogo wa Wilaya ya Shinyanga, kando ya barabara itokayo Shinyanga mjini kwenda Tinde. Nchi hii ni ya mpunga, pamba na ng'ombe, lakini imezungukwa na nchi ya madini. Huko Mwadui almasi imechimbwa tangu mwaka 1940, na upande wa machweo ziko Kahama na Geita, zenye migodi mikubwa ya dhahabu na machimbo ya wachimbaji wadogo yasiyohesabika. Watu wa sehemu hizi huhama mara kwa mara: mwalimu amepata uhamisho, muuguzi anakwenda kituo kipya, mchimbaji amesikia habari za "rashi" na amekwisha kufunga godoro lake.

Basi tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya kuhamisha mizigo hapo Didia. Kampuni hii tumeibuni kwa ajili ya maelezo tu. Ina mwenye mali mmoja, malori mawili aina ya fuso, madereva wawili na utingo wawili. Makuli wa kupakia na kupakua hawaajiriwi kwa mwezi, bali huletwa kwa siku na mnyapara. Kampuni hununua magunia, kamba na maboksi kwa muuzaji mmoja, huoshea magari yake kwa mwingine, hulindiwa ua wake na mlinzi aliyeletwa na wakala, na wafanyakazi wake hula kwa mama lishe. Wakati ambapo watu hawahami, malori hubeba mpunga, na pengine magunia ya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara kwenda kwenye makarasha na mialo.

Mwenye kampuni hii akiulizwa kama ana watumwa atacheka. Tena atacheka kwa haki, maana neno "mtumwa" kwake ni picha ya mtu aliyefungwa shingoni akielekea Bagamoyo. Hapo ndipo kazi ya mwanaistilahi inapoanza.

3. "Utumwa", na kwa nini "mamboleo"

Neno "mtumwa" limetokana na kitenzi "tuma". Kutokana na mzizi huo huo tumepata "mtume", "mtumishi", "utumishi", "tumika" na "tumikisha". Tofauti kati ya mtume, mtumishi na mtumwa haiko katika mzizi, bali katika viambishi. Katika "mtumwa" imo -w- ya kutendwa, nayo hudokeza kwamba yuko mtendaji. Hakuna mtumwa pasipo mwenye kumtuma. Jambo hili tulishike, kwa sababu tutalihitaji hapo mbele.

Utumwa wa kisheria ulikwisha kukomeshwa zamani katika nchi yetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa ikafutwa kisheria huko Unguja na Pemba mwaka 1897, na kwa upande wa Tanganyika sheria ya kuukomesha ilitungwa mwaka 1922. Kwa hiyo mtu hawezi tena kumiliki mtu kwa hati. Linalobaki ni kummiliki bila hati, yaani kwa deni, kwa vitisho, kwa kumnyang'anya kitambulisho, au kwa kumzuilia ujira wake mpaka asiweze kuondoka.

Hali hii mpya watu wameiita kwa majina mawili: "utumwa wa kisasa" na "utumwa mamboleo". Sisi tunapendelea la pili. Neno "kisasa" katika Kiswahili cha leo lina harufu ya sifa. Tunasema nyumba ya kisasa, kilimo cha kisasa, ufugaji wa kisasa. Mtu akisikia "utumwa wa kisasa" anaweza kudhani kwamba ni utumwa ulioboreshwa. Lakini "mamboleo" limekwisha kuzoeleka katika "ukoloni mamboleo", ambako maana yake ni jambo la zamani lililorudi kwa sura nyingine. Hiyo ndiyo maana tunayoitaka.

Hata hivyo, "utumwa mamboleo" ni jina la kundi zima, si jina la kosa moja. Chini yake yamo kazi ya shuruti, utumwa wa deni, biashara haramu ya binadamu, utumikishwaji mbaya wa watoto, na ndoa za kulazimishwa. Mwenye kampuni akiambiwa "zuia utumwa mamboleo" hajaambiwa bado afanye nini. Lazima tushuke ngazi moja.

4. Kazi ya shuruti

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 25, inakataza "kazi ya shuruti". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inaikataza. Maana ya msingi imetolewa na Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Tanganyika iliuridhia mwaka 1962. Kwa maneno yetu tunaweza kusema kwamba kazi ya shuruti ni kazi au huduma yoyote ambayo mtu hutozwa kwa kutishiwa adhabu ya namna yoyote, na ambayo hakujitolea kuifanya kwa hiari yake.

Istilahi hii ni nzuri lakini ina hatari mbili. Hatari ya kwanza ni kwamba "shuruti" na "sharti" ni ndugu wa tumbo moja. Wako wanaofahamu "kazi ya shuruti" kuwa ni "kazi yenye masharti", na kila kazi ina masharti: kufika mapema, kutolewa kazini, kutunza mzigo wa watu. Wengine huichanganya na "kazi ya nguvu", yaani kazi nzito. Kubeba kabati la mninga kulipandisha ghorofani ni kazi ya nguvu, lakini si kazi ya shuruti ikiwa mbebaji amekubali, analipwa, na anaweza kuacha.

Historia ya nchi yetu inalithibitisha jambo hili vizuri. Katika karne ya 19 wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma walibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani, na wengi wao walikuwa watu wa ujira waliopatana malipo yao. Katika Vita Kuu ya Kwanza waafrika wengi walikamatwa kwa nguvu wawabebee wakoloni mizigo ya vita, na kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariakoo. Mzigo ulikuwa kichwani hapo na hapa, njia ilikuwa ndefu hapo na hapa. Lililowatenga watu hao ni hiari.

Hatari ya pili imo katika neno "adhabu". Wengi hufikiri fimbo au kifungo. Lakini adhabu ni pamoja na kumwambia kuli, "Ukiondoka leo, ujira wako wa majuma mawili umepotea." Mnyapara aliyeshika fedha za watu amekwisha kushika na miguu yao. Basi katika kampuni yetu ya Didia swali si kama kuna mtu aliyepigwa. Swali ni hili: kuli akitaka kuacha kazi leo jioni, ni kitu gani kitakachomzuia?

5. Deni lisilolipika

Wahenga walisema, "Dawa ya deni ni kulipa." Utumwa wa deni huwapata watu hasa pale ambapo dawa hiyo imeharibiwa kusudi, ili mgonjwa asipone.

Tufanye hesabu ya mfano. Kijana ameletwa Didia na dalali kutoka kijiji cha mbali. Nauli yake ya shilingi 30,000 imeandikwa kuwa ni deni. Ameahidiwa ujira wa shilingi 10,000 kwa siku ya kazi, lakini kazi hupatikana siku 4 tu kwa juma, kwa hiyo pato lake ni shilingi 40,000. Chakula anakatwa 4,000 kwa siku na malazi 3,000 kwa siku, tena kwa siku zote 7, kazi iwepo isiwepo. Jumla ya makato ni shilingi 49,000. Kila juma, badala ya kupunguza deni, anaongeza 9,000. Baada ya majuma 10 deni la 30,000 limekuwa 120,000, na bado hajavunja kioo cha mtu. Siku atakapokivunja, ndipo atakapofahamu kwamba yeye mwenyewe amekuwa rehani.

Hakuna aliyemfunga kijana huyu kamba. Amefungwa na daftari. Tena daftari lenyewe linaweza kuwa la mnyapara, wala mwenye kampuni asilijue, maana yeye anamlipa mnyapara fedha zote kwa mkupuo na kudhani kwamba amekwisha maliza wajibu wake.

Sheria ya mwaka 2004 imeweka mipaka ya makato. Mwajiri akitaka kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara, lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Lazima aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, makato yasizidi hasara yenyewe, na jumla yake isizidi robo ya malipo yake ya fedha. Hapa istilahi "makato" inahitaji kutengwa na "ukataji wa ujira" wa kiholela. Vilevile "ujira" utengwe na "posho". Ujira ni haki ya mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya, na posho ni nyongeza au chakula. Vibarua wa mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba, waliufahamu vizuri utengano huo. Mwajiri anayesema "nawapa posho" wakati anapaswa kulipa ujira amekwisha kuibadilisha haki kuwa hisani kwa neno moja tu.

Kwa upande wa umbo, wengine huandika "deni la utumwa". Hilo si sahihi. Neno kuu ni utumwa, na deni ndilo linaloeleza aina yake. Kwa hiyo tuseme "utumwa wa deni".

6. "Usafirishaji haramu": neno linalomponyesha mkosaji

Tumefika kwenye istilahi inayoigusa kampuni ya mizigo kuliko zote. Sheria ya mwaka 2008 inajulikana kwa Kiswahili kuwa ni Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Msingi wake ni Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000. Kwa mujibu wa Itifaki hiyo kosa lina sehemu tatu: kitendo, njia na kusudi. Kitendo ni kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumficha au kumpokea. Njia ni nguvu, vitisho, hila, au kutumia vibaya unyonge wake. Kusudi ni kumnyonya. Mtoto akihusika, njia haihitaji kuthibitishwa.

Msomaji ataona mara moja kwamba kusafirisha ni kitendo kimoja tu kati ya vitano. Mtu anaweza kutenda kosa hili bila kuwasha gari. Mnyapara anayemwandikisha kijana kwa uongo, mwenye nyumba anayemficha, na mwajiri anayempokea, wote wamo. Lakini katika kampuni yetu "usafirishaji" ni neno la kila siku, limeandikwa hata mlangoni mwa lori. Dereva akiulizwa kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu atajibu, "Mimi nabeba vitanda, sibebi watu." Naye mnyapara atajibu, "Kijana alikuja kwa basi, mimi sikumsafirisha." Wote wawili watakuwa wamesema kweli kwa mujibu wa neno, na huenda mmoja wao ni mkosaji kwa mujibu wa sheria.

Huko Kenya hutumika "ulanguzi wa binadamu". Sisi Tanzania tulizoea kumwita mlanguzi mtu anayeficha bidhaa na kuziuza kwa bei ya kuruka, hasa katika vita dhidi ya walanguzi ya mwaka 1983, kwa hiyo neno hilo lingeleta picha ya sukari na sabuni. Tunaona kwamba "biashara haramu ya binadamu" inakaribia ukweli zaidi. Biashara ina mnunuzi, muuzaji, dalali na ghala, na wote huhesabiwa kuwa wamo katika biashara. Jina la sheria libaki lilivyo mpaka lirekebishwe na wenye mamlaka, lakini katika kuelimisha watu tuongeze maelezo kwamba safari si lazima.

Kuna jambo jingine la kutenganisha, nalo ni kuwavusha wahamiaji mipaka kwa siri ili kupata fedha. Mwezi Juni 2012 miili ya watu zaidi ya 40, wahamiaji kutoka Ethiopia, ilikutwa mkoani Dodoma baada ya watu hao kukosa hewa ndani ya lori. Msiba ule ulihusu lori na dereva, kwa hiyo kila mwenye lori anapaswa kuukumbuka. Lakini kwa istilahi lile ni kosa la namna nyingine: mhamiaji hukubali kuvushwa, na kosa la msingi hutendwa dhidi ya sheria za mipaka. Kosa hili tunapendekeza liitwe "uvushaji wa magendo wa wahamiaji". Ifahamike, hata hivyo, kwamba mhamiaji aliyevushwa kwa ridhaa yake huweza kugeuzwa bidhaa njiani. Ridhaa ya kupanda gari si ridhaa ya kunyonywa.

7. Watoto

Sheria ya Ajira inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikia umri huo huweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini, kiwandani wala mahali pengine penye hatari. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kutembelea machimbo 11 katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Lilikuta watoto wakichimba ndani ya mashimo marefu, wakibeba mawe, na wakichanganya zebaki kwa mikono yao.

Katika maandishi ya serikali hutumika "ajira mbaya kwa watoto". Tunaona neno "ajira" linamheshimu mno mkosaji. Ajira ni mapatano kati ya watu wawili wenye uwezo wa kupatana. Mtoto wa miaka 11 anayebeba kiroba cha mawe hakupatana na mtu. Neno "utumikishwaji wa watoto" ni bora, kwa sababu ile -w- tuliyoitaja mwanzoni inatukumbusha kwamba yuko anayemtumikisha. Tukitaka kumtaja huyo na kitendo chake tutasema "mtumikishaji" na "utumikishaji". Tukitaka kutaja hali ya mtoto tutasema "utumikishwaji". Tofauti hii ndogo ya umbo isipuuzwe katika kuandika mashtaka na taarifa.

Wala tusiwatishe wazazi kwa istilahi zetu. Mtoto anayemsaidia mama yake kuanika mpunga baada ya shule hatumikishwi. Anafundishwa kazi za nyumbani kwao.

8. Wagavi na mnyororo

Kampuni yetu inaweza kujisafisha yenyewe na bado ikanufaika na jasho la mtu aliyeshurutishwa kwingine. Watu wanaoiuzia vifaa na huduma huitwa kwa majina mengi: wazabuni, wasambazaji, watoa huduma. Mzabuni ni yule anayeshindania zabuni, awe ameipata au hakuipata. Msambazaji hupeleka bidhaa kwa wengi. Kwa kuwa tuna "ugavi" na "afisa ugavi", tunapendekeza "mgavi" kwa yeyote anayeiletea kampuni vifaa au huduma kwa malipo. Hivyo mama lishe ni mgavi, muosha magari ni mgavi, na mnyapara anayeleta makuli ni mgavi wa nguvukazi.

Mfululizo wao huitwa "mnyororo wa ugavi". Wako waliolilaumu neno hili kwa kuwa mnyororo unakumbusha utumwa. Sisi hatuoni haja ya kulibadilisha. Ni vema likumbushe. Mwenye kampuni aufuate mnyororo wake pete kwa pete: binti anayeosha vyombo kwa mama lishe analipwa nani, na kiasi gani? Mlinzi wa ua hulala wapi, na kitambulisho chake kiko mkononi mwa nani? Magunia ya mawe tuliyoyabeba jana yalijazwa na watu wazima?

Uchunguzi wa namna hii, unaofanywa kabla ya madhara kutokea na kurudiwa mara kwa mara, tunapendekeza uitwe "uangalizi wa tahadhari". Si upelelezi wa polisi, wala si "ukaguzi" wa mara moja kwa mwaka.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka kutangaza hatua zinazochukua dhidi ya utumwa mamboleo katika shughuli zao na za wagavi wao. Kampuni ya Didia haifiki huko hata kwa ndoto. Lakini kampuni kubwa huwauliza wagavi wake, na wagavi nao huulizana, mpaka swali likamfikia mwenye fuso mbili aliyeomba kazi ya kuhamisha vyombo vya wafanyakazi wa mgodi. Akipewa karatasi ya kutia sahihi katika lugha asiyoielewa, atatia sahihi, na hakuna kuli hata mmoja atakayenufaika. Kinga ya kweli huanza pale karatasi hiyo inaposomeka na utingo.

9. Dalili na hatua

Shirika la Kazi Duniani limetaja dalili 11 za kazi ya shuruti. Kwa Kiswahili tunapendekeza ziandikwe hivi: kutumia vibaya unyonge wa mtu, udanganyifu, kuzuiwa kwenda atakako, kutengwa na watu, ukatili wa kimwili na wa kingono, vitisho, kushikilia hati za utambulisho, kuzuia ujira, utumwa wa deni, mazingira mabaya ya kazi na malazi, na kazi za ziada kupita kiasi. Dalili moja si lazima iwe hukumu, lakini haifai kupuuzwa.

Kampuni ndogo haihitaji mwanasheria wa kudumu ili kuzizuia. Kwanza, ujira utiwe mkononi mwa kuli mwenyewe, naye atie sahihi au dole gumba katika daftari. Pili, kitambulisho kitazamwe na kurudishwa pale pale. Tatu, mnyapara alipwe na kampuni kwa kazi yake ya kuleta watu, asijilipe kwa kuwakata. Nne, umri uulizwe kabla ya kupakia, siyo baada ya ajali. Tano, maswali ya wagavi yaandikwe katika mapatano yao. Sita, makuli waambiwe kwa lugha wanayoielewa, Kiswahili au Kisukuma, ni nani wa kumwendea wakiwa na malalamiko, na kwamba hawatafukuzwa kwa kulalamika.

Dalili nzito zikionekana, taarifa ipelekwe kwa afisa kazi, afisa ustawi wa jamii au polisi. Kwa mambo ya watoto iko simu namba 116. Mwenye kampuni asikimbilie kumfukuza mtoto au kumwacha mgavi siku ile ile na kuona kwamba ameoga. Mtoto aliyefukuzwa Didia bila msaada atatafuta duara jingine huko Geita, na huko hakuna atakayemuuliza umri.

Neno la mwisho ni jina la huyo aliyetendewa. "Mhanga" linatukumbusha sadaka, kama tusemavyo "kujitoa mhanga", na mtu huyu hakujitoa. "Mwathirika" ni neno la hali, kana kwamba limempata lenyewe kama mafua. "Mwathiriwa" lina ile -w- inayomtaja mtendaji. Na akiisha kuokoka, aitwe "manusura".

10. Istilahi zinazopendekezwa

Utumwa mamboleo: jina la jumla la hali zote ambamo mtu hunyonywa na hawezi kukataa wala kuondoka kwa sababu ya vitisho, nguvu, hila au deni.

Kazi ya shuruti: kazi atozwayo mtu kwa kutishiwa adhabu yoyote, pasipo hiari yake.

Utumwa wa deni: hali ya mtu kutumikia deni ambalo kazi yake hailipunguzi kwa haki.

Biashara haramu ya binadamu: kumwandikisha, kumsafirisha, kumhamisha, kumficha au kumpokea mtu kwa nguvu au hila ili anyonywe, safari si lazima.

Uvushaji wa magendo wa wahamiaji: kuwavusha watu mpaka kinyume cha sheria ili kupata faida.

Utumikishaji, utumikishwaji: kitendo cha mwenye kumtumikisha mtu, hali ya mwenye kutumikishwa.

Mgavi: anayeiletea kampuni vifaa, huduma au nguvukazi kwa malipo.

Uangalizi wa tahadhari: uchunguzi wa kudumu wa hatari katika kampuni na kwa wagavi wake kabla ya madhara.

Mwathiriwa, manusura: aliyetendewa, aliyeokoka.

11. Hitimisho

Neno "kibarua" limetokana na barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili kimshuhudie jioni wakati wa kulipwa. Wazee wetu waliona kwamba mtu asiye na kitu mkononi hana ushahidi, na asiye na ushahidi huweza kudhulumiwa. Istilahi nazo ni vikaratasi vya namna hiyo. Kuli wa Didia akiweza kusema kwa Kiswahili sanifu, mbele ya afisa kazi, kwamba ujira wake umezuiwa na kwamba ameingizwa katika utumwa wa deni, amekwisha kuwa na ushahidi wa kwanza.

Mapendekezo haya si ya mwisho. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu, mahakimu, maafisa kazi na watu wa malori wenyewe, watuletee maoni yao, na maneno wanayoyasikia mahali wanapopakia. Maneno hayo huenda yakawa bora kuliko haya yetu.